Nguzo Nane na Saruji Yangu

Naanza na misumari. Ninyi vijana mliopanga fremu kwenye soko la zamani pale Sumbawanga mjini, nawaomba, na kama ombi halitoshi nawafokea: acheni kupigilia misumari kwenye zile nguzo. Wiki iliyopita nilipita nikakuta muuza vifaa vya simu amening'iniza bango lake kwa msumari wa inchi nne. Nikamuuliza kwa nini asitumie waya. Akasema, "Shikamoo babu. Msumari ndio unashika, babu." Nikamwitikia marahaba kwanza, maana adabu ni adabu, kisha nikamfokea mpaka mteja wake akaondoka. Baadaye niliona haya kidogo, lakini msumari nilikuwa nimeshaung'oa.

Jina langu ni Polikarpi, ila mjini wengi wananiita Fundi Poli. Nimestaafu uashi kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya uvivu kama mke wangu anavyowatangazia watu. Soko lile nalijua kuliko ninavyolijua jina la mjukuu wangu wa mwisho, ambalo wazazi wake wamelitoa kwenye televisheni. Mimi ndiye niliyeongoza mafundi walioligeuza kuwa fremu ishirini na mbili mnazopanga leo. Na mimi ndiye niliyekaribia kuliangusha. Hilo la pili ndilo nataka kuwaeleza, ila mtanivumilia, kwa sababu mzee akianza kukumbuka hafuati kamba ya mwashi.

Aliyelichora jengo lile alikuwa Mzungu wa enzi za ukoloni ambaye, nadhani, alikuwa amekumbuka kwao. Akatuwekea mbele nguzo nane za duara, nene kiasi kwamba ukiikumbatia moja mikono yako haikutani. Juu ya nguzo akaweka pembetatu kubwa ya matofali, ubavuni matao, na chini ngazi tano za mawe. Waliosoma wananiambia mtindo huo uliigwa kutoka Ugiriki ya kale. Mimi Ugiriki sijafika. Ninachojua ni kwamba ndani ya fahari yote hiyo wazazi wetu waliuza ulezi, maharage na migebuka mikavu kutoka Kasanga, na harufu ya samaki haikujali nguzo wala pembetatu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Desideri. Yeye alijifunza uashi misheni, na kabla ya hapo ukoo wao ulikuwa wa wafua chuma, wale waliojenga malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, ambayo mabaki yake bado yapo huko porini. Alikuwa mfupi, mkavu na mkali. Alitukana kwa Kifipa akidhani padri haelewi. Padri alikuwa anaelewa vizuri sana.

Nilifika kwake kutoka Mwazye nikiwa na miaka ishirini na miwili, na mwiko mpya, na kiburi cha mtu ambaye amejenga choo kimoja na hakijaanguka. Akaniambia nichague matofali mia moja mazuri kutoka kwenye tanuri lililopoa. Nikachagua mekundu, yale yanayopendeza. Akachukua mawili akayagonganisha, yakatoa sauti ya viazi. Akaokota mawili meusimeusi niliyoyatupa, akayagonganisha, yakalia ngii.

"Wewe unaoa au unajenga?" akaniuliza. "Rangi unaitazamia nini? Sikiliza!"

Nikayarudisha yote mia moja. Tangu siku ile sina imani na kitu ambacho sijakigonga. Hata tikiti maji nalipiga konzi kwanza, na wauzaji wameshanizoea.

Mzee Desideri alikuwa na mazoea ya kugonga kuta na kutega sikio. Anapita mjini na fimbo yake, anaona ukuta, anausogelea, anaugonga kwa konzi mara tatu, anaweka sikio, anatikisa kichwa, anaondoka. Sasa mnajua mji wetu ulivyo na sifa. Tukisafiri tukasema tunatoka Sumbawanga, watu wa kwenye basi wanasogea pembeni na kushika mikoba yao vizuri. Basi mzee mmoja kugongagonga nyumba za watu asubuhi halikuwa jambo dogo. Kuna mama mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Mzee Desideri alijipangusa, akamwambia kwa upole kwamba ukuta wake wa jikoni una uvimbe karibu na dirisha, na kweli mvua ya kwanza ilipokuja ulimwagika wote. Hapo ndipo yule mama alipoamini kabisa kwamba ni mchawi.

Chokaa nayo ilinifundisha adabu. Zamani ilikuja kwa lori kutoka upande wa Songwe ikiwa mawe yaliyochomwa, nasi tukaizimisha wenyewe shimoni. Mawe yale yakikutana na maji yanachemka, hakuna moto lakini yanachemka kuliko sufuria ya makande. Kanuni ni moja tu: weka maji shimoni kwanza, ndipo utie chokaa kidogokidogo, ukisimama upande unakotoka upepo. Mimi siku moja nilikuwa na haraka. Nikaijaza chokaa kwanza, nikamwaga ndoo ya maji juu yake, tena nikainama kutazama.

Macho yalipona kwa rehema za Mungu. Nyusi hazikupona. Nilikaa mwezi mzima bila nyusi, na mwezi huohuo ndio niliopangiwa kwenda Matai kujitambulisha kwa wakwe. Baba mkwe alinitazama muda mrefu, halafu akamuuliza mshenga kama ugonjwa huu ni wa ukoo. Mke wangu hajaacha kukisimulia kisa hicho. Kila harusi tunayoalikwa, kabla pilau halijafika mezani, yeye ameshafika kwenye nyusi.

Chokaa ikishazimika, tuliifunika kwa maji ikae shimoni miezi, wakati mwingine mwaka. Ikitoka ni laini, inateleza mkononi kama siagi. Unaichanganya na mchanga uliochekechwa, unaipaka kwa unene wa shilingi tatu zilizobebana, unasubiri, unapaka tena. Kila tabaka unalifunika kwa magunia yaliyoloa, maana upepo wetu wa kipupwe huku Ufipa hauna huruma: ukiikausha lipu kwa siku moja, inapasuka kama visigino vya mtu anayelima bila viatu. Ni kazi ya mwanamume kukaa chini na kungoja, na wanaume wengi hawajui kungoja. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Hapa naomba mnisikilize kidogo, hasa ninyi mnaojifunza uashi. Tofali la zamani lililochomwa kwa kuni linanyonya maji. Linayanyonya chini ardhini na juu kwenye mvua. Chokaa inayaruhusu yatoke tena, polepole, jua likiwaka. Saruji haiyaruhusu. Ni nzuri kwa msingi, kwa nguzo ya nondo, kwa karo la maji, sina ugomvi nayo. Lakini ukiipaka juu ya tofali la zamani umelifungia maji ndani.

Sasa nirudi sokoni. Wauza nafaka walipohamishiwa kwenye uwanja mkubwa nje ya mji, lile jengo lilibaki na njiwa na mbuzi. Walibaki pia wachache waliokataa kuhama, na kiongozi wao bila kupigiwa kura alikuwa Mama Gaudensia. Alikuwa amepanda kutoka Mtowisa, kule bondeni kwenye joto, baada ya kufiwa na mume. Alikuja na watoto wanne na magunia mawili ya mchele. Alitandika mkeka kwenye ngazi za soko, kando ya nguzo ya kwanza, akaanza kuuza. Baridi yetu ilimtesa, alivaa makoti mawili na kanga juu yake, lakini hakuondoka. Kamati ya soko ilipoamua kuligeuza jengo kuwa maduka madogo, fremu namba moja walimpa yeye, palepale kando ya nguzo yake.

Kazi ile ya fremu niliifanya kwa furaha sana, na kwa makosa ya kutosha. Katika jengo lile hakuna kona hata moja yenye pembe sawa. Ukipima upande huu unapata hivi, ukipima ule unapata vingine, ukirudi kupima tena unaanza kujishuku mwenyewe. Fremu namba tisa niliipangia mlango kwenye karatasi, nikaujenga, nikausimamisha, ndipo nikagundua unatazamana na nguzo kwa karibu mno. Aliyepangishwa alikuwa Leonsi fundi cherehani, mtu wa tumbo. Alijaribu kuingia kifua mbele, akashindwa. Akajaribu ubavu, akafika katikati.

"Fundi Poli," akaniambia akiwa amekwama pale, "fremu hii umenipimia mimi au umeipimia sindano yangu?"

Nikauvunja mlango nikausogeza. Jambo moja tu nililifanya vizuri, nanyi mliige: kuta za kugawia fremu sikuzishikamanisha na kuta za zamani. Niliacha upenyo wa kidole, nikaujaza chokaa laini. Ukuta mpya una tabia yake na wa zamani una tabia yake, na siku mkitaka kuubomoa ule mpya, wa zamani hautadhurika.

Zilibaki nguzo. Lipu yake ya chokaa ilikuwa imebanduka hapa na pale, zinatia huruma. Uzinduzi ulikuwa umepangwa, mgeni rasmi ameshaalikwa, zimebaki wiki mbili. Chokaa ilihitaji miezi miwili kwa uchache. Kamati wakaniuliza, "Fundi, zitawahi?" Ningeweza kusema hapana. Neno hapana halina gharama, na ningelisema, leo nisingekuwa na hadithi hii. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu, nina jina mjini, nikasema, "Siku nne tu." Nikaagiza saruji.

Siku nne kweli. Nguzo nane zikawa laini, zimenyooka, zinang'aa kwa rangi nyeupe, na watu walikuja kuzishikashika. Siku ya tano akaja Mzee Desideri na fimbo yake. Alikuwa ameshazeeka sana. Akaigonga nguzo ya kwanza mara tatu, akaweka sikio.

"Poli, hii ni nini?"

"Simenti, mzee. Mambo ya kisasa."

"Maji yatatokea wapi?"

"Maji hayaingii, mzee. Imeziba kabisa."

Alinitazama. "Sijakuuliza yataingilia wapi," akasema.

Mafundi wangu wakacheka. Nami nikacheka, mbele yake. Akageuka akaenda zake kwa kijia cha nyuma ya soko, na siku ya uzinduzi hakuja. Mwaka uliofuata tulimzika. Kaburi lake nililijenga mwenyewe, kwa chokaa ya shimoni iliyokaa mwaka, sikutia hata kijiko kimoja cha saruji. Kwa hiyo mnaona kwamba nilijua. Nilijua tangu pale, nikanyamaza, na watu wakawa wananiita Fundi wa Nguzo, nami nikawa naitika.

Nguzo zile zilinyamaza nami kwa miaka mingi. Nikastaafu. Kisha ukaja msimu mmoja wa mvua kubwa, na lipu ikaanza kutoa mabaka ya chumvi, kuvimba na kupasuka kwa urefu. Asubuhi moja, watu wamejaa sokoni, pande la saruji kubwa kama sinia likabanduka kutoka nguzo ya kwanza likaangukia gunia la mchele wazi la Mama Gaudensia. Yeye alikuwa amegeuka kuchukua kibaba. Angekuwa ameinama, ningekuwa naandika mambo mengine hapa, pengine nikiwa gerezani. Nyuma ya lile pande palionekana tofali linalomomonyoka, bichi, lenye rangi ya ini.

Kamati wakafunga mbele yote kwa kamba. Na kwa kuwa njia ya wateja kuingilia ni palepale katikati ya nguzo, fremu zote ishirini na mbili zikafungwa. Akaletwa injinia, binti anaitwa Neema, kijana lakini makini, amevaa buti zilizotumika kweli. Alizunguka, akapima, akapiga picha, akasema wazi kwenye mkutano wa wafanyabiashara: kwa anachokiona kwa nje, hawezi kumruhusu mtu apite chini ya pembetatu ile, na kama nguzo zimeoza mpaka ndani, jengo itabidi lishushwe. Mwenyekiti wa kamati akasema basi lishushwe, pajengwe jipya, wapangaji wasubiri. Watasubiri wapi, hakusema. Leonsi alishika kichwa. Nami nilikuwa nimekaa safu ya tatu, mtu pekee pale aliyejua zile nguzo zinaugua nini na nani kaziambukiza.

Nilibaki nimekaa mpaka mkutano ukafungwa. Nilirudi nyumbani, mke wangu akaniletea ugali wa ulezi na maharage, nikautazama ugali.

"Baba Oswadi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Ulipopoteza nyusi ulikula. Leo umepoteza nini?"

Sikumwambia. Nilikaa hivyo wiki mbili. Nilijipa sababu zote ambazo mtu hujipa: pengine nguzo zimeoza kweli, pengine ni uzee wa jengo, pengine binti ataligundua mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mtu wa umri wangu hana mali nyingi. Ana jina, na jina langu lilikuwa limepakwa juu ya nguzo zile.

Kilichonitoa kimyani ni Mama Gaudensia. Nilipita sokoni nikamkuta anatoa mzigo wake kwa mlango wa nyuma, anaupanga kwenye mkokoteni. Makoti mawili, kanga juu. Hakuwa na pa kuupeleka, alikuwa anauondoa tu kabla kuta hazijashushwa.

"Fundi Poli, karibu," akasema. "Unaona mambo? Wanasema nguzo zimeoza. Mimi nimewaambia kamati, zile nguzo kama si mkono wa Fundi Poli zingeanguka zamani. Sisi tumekula hapa kwa sababu yako, baba. Mungu akubariki."

Ningependa kuwaambia nilijibu kitu cha busara. Nilisema, "Amina," nikaondoka nikijikwaa.

Mkutano wa pili nilikaa safu ya mbele. Mwenyekiti alipouliza kama kuna neno kabla ya kupitisha uamuzi, nilisimama, magoti yakalia, nikasema yote. Nilisema nguzo zimejengwa kwa tofali la zamani na chokaa, mimi nikazifunika kwa saruji ili niwahi sherehe. Nilisema Mzee Desideri alinionya nikamcheka. Nilisema maji yamefungiwa ndani kwa miaka yote hiyo kwa mkono wangu, na kwamba huenda tofali zimeharibika juujuu tu, huenda ndani ni nzima, na hatutajua mpaka tubandue.

Mwenyekiti akauliza, "Na wiki mbili hizi ulikuwa wapi, Fundi?" Nikasema, "Nyumbani, mwenyekiti. Nilikuwa naogopa." Watu wakaguna. Mama Gaudensia alikuwa amekaa pembeni. Alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akapita mbele yangu bila kunitazama, akatoka nje. Ningependelea anitukane.

Injinia Neema akanisogelea. "Mzee, shikamoo tena," akasema. "Unaweza kunionyesha?"

Kesho yake tukaweka mirunda ya kushikilia pembetatu, kisha nikashika tindo na nyundo mwenyewe, nguzo ya kwanza. Wafanyabiashara walisimama nyuma ya kamba. Saruji ilitoka mapandemapande, na nyuma ya kila pande maji yalichuruzika, maji ya miaka. Tofali la kwanza nililolifikia likavunjika kama keki ya jana. Nikakwangua, likaendelea kuvunjika. Nikamsikia mwenyekiti nyuma yangu akisema, "Mnaona?" Nikakwangua kina cha kidole kimoja. Kidole na nusu. Chembe zikabadilika, zikawa ngumu, tindo ikaanza kuteleza. Nikaigeuza nyundo, nikagonga.

Ngii.

Injinia akanipokonya nyundo, kwa heshima lakini akanipokonya, akagonga mwenyewe. Akagonga juu, akagonga chini. Akaleta kifaa chake, akakibana kwenye tofali, akasoma, akaandika, akakibana tena. Tukafungua sehemu kwenye nguzo zote nane, na kazi hiyo ilichukua siku tatu. Sita zilikuwa nzima ndani. Mbili zilikuwa zimeliwa vibaya chini, karibu na ngazi, zikahitaji kujengwa upya kwa hatua hadi usawa wa kiuno. Lakini jengo halikushushwa. Injinia aliandika hivyo na kutia sahihi yake.

Basi nikarudi kazini kwa magoti haya. Kiangazi chote tulibandua, tukaziacha nguzo uchi zikauke kwa upepo, na kwa mara ya kwanza nikaushukuru upepo wa Ufipa. Nikachimba shimo la chokaa. Injinia Neema alikuja kila wiki na daftari, akauliza maswali ambayo mimi enzi zangu sikuwahi kuuliza: kwa nini mchanga huu na si ule, kwa nini gunia linaloa kiasi hiki. Tulibishana sana kuhusu gunia. Alikuwa sahihi mara mbili, na mara zote mbili alinikumbusha.

Mama Gaudensia hakunisemesha kiangazi chote. Wapangaji walifunguliwa mlango wa nyuma, akarudi na mchele wake fremu namba moja, hatua tatu kutoka mahali nilipokuwa nafanya kazi. Nikifika asubuhi namsalimia, anaitikia kwa kichwa kama anavyomwitikia mkusanya ushuru. Sikumlaumu. Alikuwa ameniombea baraka mchana kweupe, nami nikaitikia amina huku najua.

Kamba ilitolewa mwanzoni mwa mvua. Nguzo zilikuwa na lipu mpya ya chokaa, si nyeupe ya kung'aa kama ile ya saruji, ni nyeupe ya maziwa. Mwenyekiti akatoa hotuba fupi akawaambia watu wapite. Hakuna aliyepita. Walisimama barabarani wanatazama juu, kwenye ile pembetatu, na kila mmoja akawa anamngoja mwenzake. Leonsi alisema ameacha pasi kwenye umeme, akazunguka kwenda mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya ngazi na ndoo yangu, nikajua kwamba karatasi ya injinia haitoshi, na maneno yangu hayana thamani tena mjini pale. Wateja wakikataa kupita, fremu zitakufa hata kama jengo limesimama.

Ndipo Mama Gaudensia akatoka dukani kwake. Alikuwa anaburuta gunia la mchele. Akalileta mpaka nguzo ya kwanza, ileile iliyomkosa, akalisimamisha, akalifungua mdomo, akakaa chini akaegemeza mgongo wake kwenye lipu. Akautazama umati.

"Mchele wa Mtowisa huu!" akaita. "Mnangoja nani awapimie?"

Halafu akanigeukia, mara ya kwanza tangu ule mkutano. "Na wewe Fundi," akasema, "umesimama huko barabarani unatafuta nini? Njoo ukae hapa. Kama ni kuanguka, ituangukie wote wawili."

Nikaweka ndoo chini, nikapanda ngazi tano, nikakaa.